Maji Yaliyo Chini ya Jiwe: Uchafuzi wa Mazingira na Afya Zetu Jambiani



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie jambo linaloigusa kila nyumba, nalo ni maji tunayokunywa na namna yanavyochafuka. Mara nyingi tunapozungumza juu ya maji tunalalamikia upungufu wake: mfereji hautoki, foleni ya ndoo ni ndefu, bei ya dumu imepanda. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini liko jambo la pili lisiloonekana kwa macho, nalo ni usalama wa maji yenyewe. Ndoo inaweza kujaa pomoni, maji yakawa meupe na matamu, na bado yakawa yamebeba maradhi.

Mfano wetu ni kijiji cha Jambiani, katika mwambao wa kusini mashariki wa Unguja. Hatukukichagua kwa kuwa ni kichafu kuliko vijiji vingine. Tumekichagua kwa sababu ardhi yake inaonesha wazi kwamba uchafu unaotupwa juu ya ardhi hurudi katika kikombe. Atakayeielewa Jambiani atakuwa amezielewa pia Paje, Bwejuu, Makunduchi, Nungwi na sehemu nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki zilizokaa juu ya jiwe la matumbawe.

Ardhi yenye mawe na maji yanayoelea

Kisiwa cha Unguja kina ardhi za namna mbili kubwa. Upande wa magharibi na katikati kuna udongo mzito, mashamba ya minazi na mikarafuu, chemchemi na vijito. Upande wa mashariki na kusini kuna uwanda wa mawe. Jiwe hilo zamani lilikuwa matumbawe yaliyoota chini ya bahari. Bahari iliposhuka, likabaki nchi kavu. Udongo juu yake ni kidogo sana, umejikusanya katika vishimo na nyufa, na mkulima wa huko hupanda mbegu zake humo humo.

Jambiani hakuna mto. Si kwamba mvua hainyeshi; masika na vuli huwafikia kama wengine. Sababu ni kwamba mvua ikianguka hupenya mara moja kwenye nyufa za jiwe. Hata baadhi ya vijito vya katikati ya Unguja hupotea ardhini vinapofika penye mawe ya chokaa. Chini huko jiwe limejaa matundu, mifereji na mapango. Katika mojawapo ya mapango ya eneo hili, Pango la Kuumbi karibu na Jambiani, wanaakiolojia wamekuta alama za watu waliokaa humo zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo tunapotembea juu ya ardhi ya Jambiani, tunatembea juu ya jiwe lenye uwazi mwingi ndani yake.

Maji ya mvua yakishapenya hukutana na maji ya bahari, ambayo nayo yameingia ndani ya jiwe kutokea pwani. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa sababu ya chumvi, hivyo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu yake kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Tabaka hilo la maji baridi ni nene katikati ya kisiwa, na huwa jembamba kadiri tunavyokaribia pwani. Visima vyote vya kijiji, vya misikiti, vya nyumba za watu na vya hoteli, vinateka katika tabaka hilo moja.

Wataalamu wana hesabu inayotusaidia. Kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba pampu ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 10 tu na kuyaacha hivyo kwa muda mrefu, maji ya chumvi yanaweza kupanda kutoka chini kwa kiasi cha mita 4. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu miaka ya nyuma huanza kuwa na magadi, kisha kikawa chumvi kabisa. Mwenyewe hudhani bahari imekuja kutoka mbele, kumbe imepanda kutoka chini.

Uchafu unapita wapi

Mama anapokamua tui hulipitisha kwenye kifumbu, machicha yakabaki na tui likashuka. Udongo mzito hufanya kazi ya namna hiyo. Maji machafu yanapopita taratibu katika udongo, vijidudu vingi vya maradhi hunasa katika chembe za udongo, hukosa chakula na kufa kabla hayajafika kwenye maji ya chini. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na huhitaji unene wa udongo.

Jiwe la matumbawe ni kifumbu kilichotoboka. Maji ya choo, ya karo, ya jaa na ya banda la mifugo hayachujwi. Yanateremka kwenye ufa na kufika chini kwa muda mfupi, hasa mvua kubwa inaponyesha. Kanuni inayofundishwa mahali pengi ni kwamba choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na chini ya shimo kubaki angalau mita 1 na nusu kabla ya kufikia maji. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini ilikusudiwa ardhi yenye udongo. Penye mawe yenye nyufa, mita 30 zinaweza zisitoshe, kwa kuwa ufa mmoja unaweza kuunganisha choo cha jirani na kisima chetu kama bomba.

Tusidhani kwamba hili ni tatizo la nchi maskini peke yake. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, mvua kubwa ilisukuma samadi ya ng'ombe kutoka shambani hadi kwenye kisima cha mji. Kisima hicho kilikuwa kifupi na kilichimbwa penye jiwe lenye nyufa. Dawa ya klorini haikuwa ikitiwa ipasavyo. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafariki. Maji yao yalitoka kwenye mfereji ndani ya nyumba, meupe, wala hayakuwa na harufu.

Wapo wanaosema, "Wazee wetu waliyanywa maji haya haya na hawakudhurika." Kauli hii tunaiheshimu, lakini tuipime. Wazee wetu walikuwa wachache. Vyoo vilikuwa vichache, na hapakuwa na makaro yanayopokea maji ya vyoo vya kuvuta, mabwawa ya kuogelea, mafuta machafu ya majenereta wala betri zilizotupwa. Maji yalitekwa kwa kata na ndoo, si kwa pampu inayovuta usiku kucha. Zaidi ya hayo, wazee walidhurika: watoto wengi walikufa kwa kuharisha na wakazikwa pasipo mtu kujua kwamba sababu ilikuwa kisima.

Mafunzo ya historia yetu

Zanzibar ina historia ndefu na chungu ya kipindupindu. Mwaka 1869 na 1870 ugonjwa huo uliingia mjini na kuua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati huo, aliandika kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, kilichochapishwa mwaka 1876. Watu wa mjini walikuwa wakitegemea visima vifupi vilivyozungukwa na nyumba na uchafu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi ya Bububu hadi Mji Mkongwe. Kwa mara ya kwanza watu wa mjini walipata maji yaliyotoka mbali na vyoo vyao.

Hata hivyo ugonjwa haukuisha. Mwaka 1978 mlipuko ulizuka katika kijiji cha wavuvi. Watu 411 waliugua na 51 wakafariki. Tangu hapo kipindupindu kimerudi mara nyingi, na mlipuko wa 2015 na 2016 uliikumba Tanzania nzima, Bara na Visiwani. Mwaka 2009 chanjo ya matone ya kunywa ilitolewa kwa watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na watafiti waliofuatilia waliona kwamba iliwakinga waliochanjwa kwa asilimia 79. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikaandaa mpango wa miaka kumi, 2018 hadi 2027, wa kutokomeza kipindupindu visiwani.

Kinachojitokeza katika historia hii ni kwamba chanjo na dawa zinasaidia, lakini maradhi hurejea pale ambapo kinyesi na maji ya kunywa vinaendelea kukutana. Katika ardhi ya mawe, vinakutana chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Maji machafu yanaudhuru mwili kwa njia zipi

Tuyagawe madhara haya katika mafungu matatu, kwa sababu kila fungu lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine.

La kwanza ni vijidudu. Hivi hutoka katika kinyesi cha binadamu na cha wanyama. Huleta kuharisha, kuharisha damu, kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini ya aina ya A, na baadhi ya minyoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maradhi ya kuharisha huua watoto zaidi ya 400,000 walio chini ya miaka mitano kila mwaka duniani. Anayepona naye huwa amepoteza kitu. Mtoto anayeharisha mara kwa mara chakula hakimkai, hukonda, hudumaa, na akili yake huchelewa skuli. Maji yanapopimwa, wataalamu hutafuta bakteria aitwaye E. koli, ambaye hukaa katika utumbo. Akionekana hata mmoja katika mililita 100 za maji, ni dalili kwamba kinyesi kimefika humo, na maji hayo hayafai kunywewa bila kutibiwa.

La pili ni chumvi. Wengi wetu huona maji ya magadi ni tatizo la ladha na la sabuni isiyotoa povu. Lakini chumvi hupandisha shinikizo la damu, na presha ya muda mrefu huleta kiharusi, maradhi ya moyo na ya figo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Tufanye hesabu ndogo: maji yenye gramu 1 ya chumvi kwa lita, mtu akinywa lita 3 kwa siku ya jua kali, ameshameza gramu 3 kabla hajagusa mchuzi wala samaki wa chumvi. Katika mwambao wa Bangladesh, ambako visima vimeingiliwa na bahari kama vyetu, watafiti walichapisha mwaka 2011 matokeo yaliyoonesha kwamba wajawazito walikuwa na presha kwa wingi zaidi katika miezi ya kiangazi, wakati maji yanapokuwa na chumvi zaidi. Presha ya ujauzito ndiyo inayotangulia kifafa cha mimba, ambacho humwua mama na mtoto. Hivyo mkunga anayempima mama presha Jambiani anapaswa pia kumwuliza anateka maji wapi.

La tatu ni kemikali. Kinyesi na mbolea vikioza hutoa nitrati, ambayo huyeyuka na kwenda na maji. Kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, huwadhuru hasa watoto wachanga wanaopewa maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji hayo: damu yao hushindwa kubeba hewa na midomo yao huwa ya buluu. Mafuta ya injini, rangi, dawa za kuulia wadudu na betri navyo huacha sumu inayokaa ardhini miaka mingi. Tukichoma plastiki, moshi wake una sumu na jivu lake huoshwa na mvua likaingia kwenye nyufa.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu linasahaulika. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala nitrati. Kinyume chake, maji yakipungua kwa kuchemka, vitu hivyo huzidi kukolea. Klorini nayo huua vijidudu tu. Kwa hiyo, mkoba wa dawa peke yake hautoshi. Chanzo chenyewe lazima kilindwe.

Nani anateka, na nani anarudisha uchafu

Mwaka 2012, Tourism Concern, shirika la Uingereza ambalo sasa limeshafungwa, lilitoa ripoti juu ya maji na utalii Zanzibar, iliyohusu Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilieleza kwamba nyumba moja ya wanakijiji ilitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Yaani chumba kimoja cha hoteli kubwa kilitumia maji ya nyumba zaidi ya 30 za wanakijiji.

Hatuandiki haya ili kuchochea chuki. Utalii umeleta ajira, na vijana wengi wa Jambiani wanalisha familia zao kutokana nao. Lakini haki inadai tuone mambo mawili. Kwanza, pampu kubwa karibu na pwani huinua chumvi, na chumvi hiyo haichagui kisima. Inaingia kwa aliyeileta na kwa jirani yake. Pili, maji yote hayo baada ya kutumika hayapotei. Yanakwenda kwenye karo, na karo lisilojengwa vizuri huyarudisha kwenye jiwe lile lile yalikotekwa.

Vilevile tusiwabebeshe wageni mzigo wote. Choo cha shimo kilichochimbwa mpaka kikagusa maji ni chetu. Jaa lililo ndani ya shimo la kuchimbulia mawe ni letu. Kisima kisicho na mfuniko ambamo kila mtu hutumbukiza ndoo aliyoiburuta chini ni chetu. Nepi za watoto zilizotupwa kichakani ni zetu. Kwa kuwa maji ya chini ni mamoja, hakuna anayeweza kujilinda peke yake kwa kuchimba kisima chake na kukizungushia ukuta.

Kutoka kisimani hadi baharini

Maji ya chini hayasimami. Yanasogea polepole kuelekea pwani na kuchuruzika baharini. Maji ya bahari yakipwa, katika sehemu nyingi za mwambao wa mashariki huonekana maji baridi yakitoka mchangani. Uchafu ulioingia kwenye jiwe hutoka kwa njia hiyo hiyo, ukaingia katika ghuba iliyo ndani ya mwamba, yaani mahali wanakijiji wanapovua pweza na kulima mwani.

Kilimo cha mwani kilianza mwambao huu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Hao hukaa saa nyingi ndani ya maji yanayofika magotini au kiunoni. Kidonda kidogo cha mguu kikikutana na maji yenye vijidudu huweza kuoza. Aidha, rutuba inayotoka kwenye makaro hulisha magugu ya baharini, ambayo hushindana na mwani na kuyafunika matumbawe. Hivyo uchafu unamgusa mama yule yule mara tatu: katika kikombe chake, katika ngozi yake na katika kipato chake.

Dini zetu zinatufundisha nini

Kwa bahati njema, hatuhitaji kungoja wataalamu watwambie kwamba kuchafua maji ni kosa. Mafundisho ya Uislamu yamekataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na katika vivuli wanapopumzika watu, na yamekataza kukojoa katika maji yaliyosimama. Yamefundisha pia kwamba maji ni miongoni mwa vitu ambavyo watu wanashirikiana, na kwamba kumnywesha mwenye kiu ni sadaka. Katika Biblia, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, wana wa Israeli waliagizwa kuwa na chombo cha kuchimbia, watoke nje ya kambi, na wafukie uchafu wao. Agizo hilo lilikuwa la ibada na la afya kwa wakati mmoja.

Imamu, padri, mwalimu wa madrasa na mwalimu wa skuli ya Jumapili wana nafasi ambayo ofisa wa afya hana. Wao husikilizwa kila wiki. Tunawaomba walitie jambo hili katika mawaidha yao, hasa kabla ya masika. Anayetia udhu kwa maji safi huku karo lake linavuja kwenye kisima cha jirani, ana deni kwa jirani huyo.

Tufanye nini

Yafuatayo ni mambo yanayowezekana, mengine leo hii, mengine kwa ushirikiano.

1. Tulinde kisima. Kiwe na ukuta usiopungua kimo cha goti, sakafu ya saruji inayotoa maji nje, mfuniko, na ndoo moja na kamba moja zinazokaa hapo hapo. Mifugo isifungwe karibu.

2. Tujenge choo kinachofaa ardhi ya mawe. Tusichimbe shimo mpaka tukute maji. Ni bora choo kiinuliwe juu ya ardhi kwa ngazi, na shimo lake lijengwe kwa matofali na kupigwa plasta lisivuje. Penye karo, liwe na vyumba viwili au zaidi, sakafu yake iwe ya saruji, na linyonywe kwa gari kabla halijafurika.

3. Tutibu maji ya kunywa. Yachemshwe mpaka yatokote kwa angalau dakika 1, au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya paketi na kusubiri dakika 30. Asiye na kuni wala dawa anaweza kujaza maji meupe katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, na kuianika kwenye jua kali kwa saa 6. Siku za mawingu, siku 2 mfululizo. Yakishatibiwa yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu.

4. Tuvune maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye bati la mita za mraba 40, ikipata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, huangukiwa na lita 40,000. Tukitoa robo nzima kwa upotevu, zinabaki lita 30,000 zisizo na chumvi. Maji ya mwanzo yaachwe yaoshe paa kwanza, tangi lifunikwe na liwekewe wavu mbu wasizaliane, na ya kunywa yatibiwe. Mapaa ya misikiti na skuli ni makubwa zaidi. Tuanzie huko, na wajawazito na wenye presha wapewe kipaumbele.

5. Tuwanyonyeshe watoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo. Mtoto huyo hahitaji maji ya kisima hata tone, na kwa hiyo vijidudu na nitrati havimpati.

6. Mtoto akiharisha, tusingoje. Apewe maji ya chumvi na sukari ya paketi kutoka kituo cha afya. Paketi ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Katika vijiji vya pwani tuangalie sana: usitumie maji ya kisima yenye magadi, kwa sababu chumvi itazidi na kumdhuru mtoto. Tumia maji ya mvua au ya mfereji yaliyochemshwa. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa. Akiwa na macho yaliyoingia ndani, amelegea, hawezi kunywa au anaharisha damu, apelekwe kituoni mara moja, usiku au mchana.

7. Tutenge takataka. Betri, mafuta ya injini na makopo ya dawa visitupwe kamwe katika mapango wala mashimo ya mawe. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na Tanzania Bara mwaka 2019. Sheria hiyo ni yetu, tuitii.

8. Tupime na tuandike. Kamati ya maji ya shehia iombe Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, visima vipimwe angalau mara mbili kwa mwaka: mwisho wa masika, wakati vijidudu vinapokuwa vingi, na mwisho wa kiangazi, wakati chumvi inapopanda. Majibu yabandikwe kwa sheha, msikitini na skuli, ili kila mtu ajue kisima gani ni cha kunywa na kipi ni cha kufulia tu.

9. Tudai haki kwa utaratibu. Sheria ya mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015, ambayo chini yake kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari za mazingira. Wanakijiji wana swali halali la kumwuliza kila anayejenga: maji utayatoa wapi, na maji machafu utayapeleka wapi? Mwekezaji mwema atakuwa na jibu, na jibu hilo litamlinda hata yeye, kwa kuwa wageni wake nao wanayanywa na kuyaogea maji hayo hayo.

Hitimisho

Mwezi Julai mwaka 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji safi na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Haki hiyo hudaiwa serikalini, na ni sawa kuidai. Lakini Jambiani inatufundisha kwamba haki hiyo hudaiwa pia baina ya jirani na jirani, kwa sababu kila mmoja ameshika ufunguo wa kisima cha mwenzake. Shehia inayoziba makaro yake yanayovuja, inayopima visima vyake na inayovuna mvua yake, itawapunguzia watoto wake maradhi hata kabla bomba jipya halijafika.

Tunawaomba wasomaji wetu waisome makala hii katika vikao vya jumuiya, vya akina mama wa mwani na vya kamati za skuli, kisha wakubaliane jambo moja la kuanzia kabla mvua za masika hazijaanza. Mwenyezi Mungu atujaalie maji yaliyo salama, na atupe moyo wa kuyatunza.